Kitanda cha Zege

Dallas ya Embu haina visima vya mafuta. Anayeshuka hapo akitazamia wachunga ng'ombe wenye kofia pana atakutana na bodaboda, vibanda na ploti za kupangisha. Sasa tuseme mwenye ploti mmoja mtaani humo amechoka kusikia vyumba vyake vikiitwa vitupu. Anamwita fundi, na fundi anajenga katika kila chumba kitanda cha zege kilichoshikana na ukuta, kabati la matofali kando yake, na meza ya mawe isiyosogea hata kwa maombi ya kufunga. Tangazo linabandikwa langoni: chumba kina kila kitu. Mpangaji anaingia na begi moja, akiwacheka wenzake wanaobeba samani kwa mkokoteni. Siku anapopata chumba kizuri zaidi ng'ambo ya barabara ndipo anapofahamu kwamba miaka yote hiyo alichomiliki ni godoro. Mandhari nyingi za tovuti zinazouzwa leo zimejengwa na mwenye ploti huyu, na wanaolalia zege ni wenye saluni, wachungaji, walimu wakuu na wenye hoteli, watu ambao walichotaka ni tovuti ya rangi nzuri na namba ya simu inayoonekana.

Kwa asiye na tovuti, ambaye huenda ndiye mwenye usingizi mzuri kuliko sisi sote, mambo yako hivi. Mfumo wa WordPress, unaoendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote kwa hesabu za W3Techs, umegawa kazi mara mbili. Mandhari ndiyo sura: rangi, aina ya herufi, mahali pa nembo, upana wa safu. Plagini ni programu ndogo inayoongeza kazi: fomu ya kuandikia ujumbe, duka, kalenda ya ibada, malipo. Mgawanyo huu haukuzuka wenyewe. WordPress ilianza mwaka 2003 kwa mikono ya Mike Little wa Uingereza na Matt Mullenweg, mzaliwa wa Houston, Texas, kwa hiyo angalau Dallas ile nyingine inaweza kudai ujirani. Plagini zilikuja na toleo la 1.2 mwezi Mei 2004. Mandhari zikafuata katika toleo la 1.5, Februari 2005. Kila upande ulipewa folda yake, na hadi leo folda hizo mbili zinakaa jirani bila kuingiliana. Nia ilikuwa mtu aweze kubadilisha sura ya tovuti kwa kubofya kitufe, na kila alichokiandika akikute pale pale. Hoja yangu haina makuu: nia hiyo inavurugwa kila mandhari inapojitwika kazi za plagini. Kipimo ninachotumia ni kimoja tu. Kitu ambacho mwenye tovuti angependa kukikuta bado kipo siku atakapochoka na rangi hakina ruhusa ya kukaa ndani ya rangi.

Mbona basi vikachanganywa? Kwa sababu orodha ndefu inauza. Tangu soko la ThemeForest lifunguliwe mwaka 2008, mandhari zimekuwa zikishindana kwa wingi wa vikorokoro kuliko kwa uzuri wa sura. Ukurasa wa mauzo unajigamba kwa slaida, ramani, majedwali ya bei, sifa za wateja walioridhika, na saa inayohesabu siku zilizobaki kabla ya uzinduzi. Mnunuzi ni saluni ya viti vitatu. Saluni hiyo sasa ina mitambo inayotosha tovuti ya uwanja wa ndege, na ile saa ya uzinduzi inaendelea kusoma sufuri, sufuri, sufuri, mwaka wa tano tangu watu waanze kusukwa. Ukurasa wa "Timu Yetu" unaonyesha Wazungu wanne wakitabasamu mbele ya kompyuta, kwa sababu mandhari ilikuja na nafasi za watu wanne na hakuna aliyejua zinazimwa wapi. Fundi wa tovuti simlaumu sana. Analipwa mara moja, mteja ana haraka, na kifurushi chenye kila kitu kinamwezesha kutamka ile sentensi tamu ya mafundi wa fani zote: "Bosi, hiyo ni dakika mbili tu."

Dakika mbili hizo hulipwa siku ya kubadilisha sura. Mandhari kadhaa zinazopendwa huzaliwa na kijenzi cha kurasa ndani yake. Divi ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Kwa miaka mingi kijenzi hicho kilikuwa kikihifadhi maudhui ya ukurasa kwa misimbo mifupi iliyofungwa katika mabano ya mraba. Misimbo hiyo yenyewe haina kosa. WordPress iliileta katika toleo la 2.5 mwaka 2008, na ilikusudiwa kurahisisha maisha: unaandika neno moja, mfumo unapanga picha zote za albamu mahali hapo. Ila anayejua maana ya msimbo ni yule aliyeuleta. Mandhari ikiondoka, inaondoka na maana, na mabano yanabaki ukurasani. Fikiria kanisa lililobadilisha mandhari Jumamosi jioni ili waumini waamkie sura mpya. Jumapili asubuhi waumini wanafungua simu na kusoma: et_pb_section, et_pb_row, karibuni wapendwa, et_pb_text, Bwana ni mwema, et_pb_row. Mzee wa kanisa ambaye hajawahi kusikia habari za vijenzi vya kurasa ana kila haki ya kuuliza ni nani aliyeruhusu tovuti inene kwa lugha bila mfasiri. Na haliishii kwenye ukurasa mmoja. Ni kila ukurasa uliowahi kuandikwa tangu kanisa lipate tovuti. Mtu anaweza kuketi afute mabano moja moja, au arudi kwa mandhari ya zamani kichwa kikiwa kimeinama. Wengi hurudi. Wauzaji huuita urejeo huo uaminifu wa wateja. Watengenezaji wa Divi walikuja kutoa kijenzi chao pia kama plagini inayofanya kazi na mandhari yoyote, na sijui hoja ya kunisaidia kuliko hiyo.

Mabano angalau yanaonekana. Balaa lisilopiga kelele ni lile la aina za maudhui. Kuanzia toleo la 3.0, Juni 2010, ikawa rahisi kuiongezea tovuti aina mpya mbali na kurasa na makala: vyumba vya hoteli, mahubiri, walimu, viwanja vinavyouzwa. Mandhari ya hoteli ikaona hapo ni nyumbani. Inatangaza aina inayoitwa Vyumba, na mwenye hoteli anaingiza vyumba vyote, kila kimoja na picha zake, bei yake na sifa ya dirisha linaloutazama Mlima Kenya siku mawingu yakikubali. Akibadilisha mandhari, menyu ya Vyumba inatoweka kwenye dashibodi, anwani za vyumba zote zinajibu 404, na Google inaanza kuzisahau taratibu kama deni la jirani. Hakuna kilichofutwa. Vyumba vyote vimelala kwenye jedwali la wp_posts katika hifadhidata, vikiwa na jina la aina ambayo hakuna tena anayeitangaza. Hapo anaitwa fundi wa pili, anaandika mistari michache ya kuitangaza upya aina ile, vyumba vinafufuka, naye anaandika kwenye ankara "uokoaji wa data". Mistari hiyo hiyo ingeweza kukaa tangu mwanzo katika plagini yenye faili moja. Ndiyo sababu wakaguzi wa hifadhi rasmi ya mandhari ya WordPress hukataa mandhari inayotangaza aina za maudhui au kuleta misimbo mifupi yake. Wanasema hilo ni eneo la plagini. Masoko ya kulipia hayabanwi na wakaguzi hao, na huko ndiko fundi mwenye haraka anakonunua.

Pesa nimeiacha nyuma kwa makusudi, kwani ndiyo inayowaamsha hata waliolala. Duka la mtandaoni la Kenya lisilopokea M-Pesa ni jumba la maonyesho, na mfumo wa Daraja wa Safaricom umemwezesha fundi yeyote mwenye subira kuunganisha duka na namba ya Paybill. Duka linaandikisha kwanza anwani ya kupokelea taarifa za malipo. Baada ya hapo mnunuzi anashika simu yake, anaandika namba ya Paybill, anaandika namba ya oda mahali pa akaunti, kiasi, namba ya siri, na pesa inatoka. Mitambo inapeleka taarifa kwenye ile anwani iliyoandikishwa: fulani amelipa, kiasi ni hiki, risiti ni hii. Anayeipokea ni kipande cha msimbo. Sasa kama fundi alikiweka kipande hicho katika functions.php, faili ambalo WordPress hulisoma pamoja na mandhari inayotumika, basi siku duka linapohama kutoka rangi ya buluu kwenda kijani, anwani ile inabaki haina mtu wa kupokea. Pesa imeingia. Mnunuzi ana ujumbe wa kuthibitisha. Tovuti inasema kwa adabu kwamba bado inasubiri malipo, na WooCommerce, kwa mipangilio yake ya kawaida, ina mazoea ya kuifuta oda ya bidhaa za stoku isiyolipwa baada ya dakika 60. Mnunuzi anatuma picha ya ujumbe wake kwa WhatsApp. Mwenye duka anamwambia asubiri amuulize kijana wa tovuti. Kijana wa tovuti anaapa kwamba hakugusa chochote cha pesa. Amebadilisha rangi tu. Na kijana huyo anasema kweli tupu.

Nimeitaja WooCommerce, na historia yake inanifaa kuliko takwimu yoyote. WooThemes, kampuni iliyokulia Afrika Kusini, ilikuwa ya wauza mandhari. Kama kungekuwa na mtu mwenye sababu ya kibiashara ya kulizamisha duka ndani ya mandhari zake ili mteja asihame kamwe, ni wao. Mwaka 2011 wakafanya kinyume: wakaitoa WooCommerce kama plagini, ipokelewe na mandhari ya mtu yeyote, hata ya mshindani. Mwaka 2015 kampuni ya Mullenweg, Automattic, ikainunua WooThemes, na haikuinunua kwa ajili ya rangi. Mandhari walizouza zamani zimechakaa kama mashati ya kampeni. Duka limebaki, na maelfu ya maduka yamekwisha kubadilisha sura mara kadhaa bila kupoteza orodha ya bidhaa.

Ukija upande wa usalama, vichekesho vinakuwa na gharama. Mwaka 2011 mandhari nyingi zilikuja na kijifaili kilichoitwa TimThumb, kazi yake kupunguza ukubwa wa picha. Kiliruhusiwa kuchukua picha kutoka nje, lakini kwa tovuti chache zinazoaminika tu, kama flickr.com na blogger.com. Namna kilivyohakikisha hilo ilikuwa kuangalia kama maneno hayo yamo popote katika jina la tovuti. Kwa hiyo mdukuzi alichohitaji ni kujiandikishia jina refu lenye blogger.com katikati, na kijifaili kikampokea pamoja na kila alichobeba. Mark Maunder aligundua udhaifu huo Agosti 2011 baada ya blogu yake mwenyewe kuvamiwa, na baadaye akaanzisha Wordfence, kampuni ya ulinzi wa WordPress. Kiraka kilipatikana haraka. Kazi ilikuwa kukifikisha. TimThumb haikuwa plagini yenye jina lake kwenye dashibodi. Ilikuwa imefichwa ndani ya folda za mandhari, kila mandhari na nakala yake, mara nyingine kwa jina tofauti. Mwenye tovuti hawezi kusasisha kitu asichojua kama anacho, hata akiwa mtu makini anayefagia dashibodi yake kila asubuhi.

Miaka mitatu baadaye somo likarudiwa kwa sauti kubwa zaidi. Slider Revolution, inayotelezesha picha kubwa juu ya ukurasa wa mwanzo, iligundulika kuwa na tundu lililomwezesha mgeni kupakua faili la siri za hifadhidata. Watengenezaji waliliziba kimyakimya mapema mwaka 2014. Ilipofika Desemba, shambulio lililoitwa SoakSoak likaingia katika tovuti zaidi ya 100,000 kwa makadirio ya kampuni ya Sucuri. Msomaji mkali atanikamata hapa: Slider Revolution ni plagini, si mandhari! Ni kweli, na ndiyo maana kisa hiki kinanifaa. Aliyeinunua yenyewe, kwa leseni yake, aliletewa taarifa kwamba kuna toleo jipya. Aliyeipata imemezwa ndani ya mandhari hakuwa na leseni, hakuletewa taarifa, na alitegemea muuza mandhari atoe toleo jipya la kifurushi kizima. Tundu moja, programu moja, tofauti ni mlango iliopitia kuingia. Miaka miwili baada ya hapo, nyaraka milioni 11.5 za kampuni ya mawakili ya Mossack Fonseca zilipovuja huko Panama, Wordfence walitoa dhana kwamba huenda mvamizi aliingilia kwenye toleo chakavu la slaida hiyo hiyo katika tovuti ya kampuni. Ni dhana, haijathibitishwa, lakini inafurahisha kuwaza kwamba siri za matajiri wa dunia, wakiwamo wa hapa kwetu, zilikuwa zikilindwa na picha zinazoteleza.

Pingamizi la kwanza ninaloliheshimu linatoka mfukoni. Mwenye saluni ya Dallas hana muda wa kuchagua plagini katika hifadhi yenye makumi ya maelfu. Anataka kifurushi, analipa mara moja, anarudi kwa wateja wake. Nakubali haja hiyo yote, na sioni kama inadai zege. Muuza mandhari anaweza kukusanya plagini anazozipendekeza, akaziweka kwa kitufe kimoja wakati wa kufungua tovuti, na kazi zile alizobuni mwenyewe akazitenga katika plagini yake ndogo ya kuandamana na mandhari. Wapo wanaofanya hivyo tayari, na mnunuzi hahisi tofauti siku ya kwanza. Na tuseme ukweli kuhusu huo urahisi wa bei. Mandhari ya kulipia ikiwa ghali, mtaani kuna kijana mwenye nakala yake ya bure. Nakala hizo za wizi ndizo zilizosambaza programu hasidi ya WP-VCD, ambayo Wordfence waliieleza kwa kina mwaka 2019, na pahala pake pa kujificha palikuwa functions.php. Faili likishajazwa maelfu ya mistari ya kazi zisizohusiana na sura, mistari michache ya mwizi haionekani. Katika mandhari nyembamba ingeonekana kama ng'ombe sebuleni.

Pingamizi la pili ni kwamba plagini nazo si malaika. Zinagombana, zinatelekezwa, zinauzwa kwa watu wabaya. Mwaka 2017 plagini iitwayo Display Widgets, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 200,000, iliuzwa na mwandishi wake, na mmiliki mpya akaitumia kupenyeza matangazo ya siri mpaka ikafukuzwa kwenye hifadhi rasmi Septemba mwaka huo. Hilo siwezi kulipinga. Ninachosema ni kwamba plagini mbovu ina jina lake, safu yake na kitufe chake cha kuzima. Unaiondoa, unatafuta nyingine, na ukurasa wa mwanzo unabaki na rangi zake. Kazi mbovu iliyomo ndani ya mandhari haina kitufe. Kuizima ni kuizima tovuti. Kuhusu madai kwamba plagini nyingi huchelewesha ukurasa, kinachochelewesha ni kazi yenyewe, popote ilipokaa. Mandhari yenye slaida, ramani na ile saa ya uzinduzi mara nyingi hupakua mizigo yote hiyo hata kwenye ukurasa wa "Wasiliana Nasi" wenye mistari miwili, na msomaji wa Embu anailipia kwa bando lake ili aone namba ya simu ambayo ingeweza kuandikwa kwa baiti kumi.

Kuna pia wanaouliza: kama functions.php haikukusudiwa kubeba kazi, mbona WordPress ikaiweka ndani ya mandhari? Iliwekwa ili mandhari iseme menyu zinakaa wapi, picha zikatwe kwa ukubwa gani, pembeni kuna nafasi ngapi. Yote hayo ni mambo ya sura. Ikageuka jaa kwa sababu ndiyo faili iliyo karibu, na kila maelekezo mtandaoni husema bandika hapa. Unabandika, unasahau nukta-mkato moja, na tovuti inageuka karatasi nyeupe. Toleo la 5.2, Mei 2019, lilituhurumia kwa kuleta njia ya kuingilia wakati wa ajali kama hiyo. Kwa ajali ya pili halikuleta dawa: unasasisha mandhari, faili linaandikwa upya, na ulichobandika mwaka jana kinafutika bila kuaga.

Pingamizi lililo gumu kuliko yote ni la wanaosema mstari wenyewe umefifia. Tangu toleo la 5.0, Desemba 2018, kurasa huandikwa kwa vipande ambavyo WordPress yenyewe inavijua, na tangu 5.9, Januari 2022, hata kichwa na mkia wa tovuti vinapangwa kwa vipande hivyo. Mandhari mpya karibu zimebaki faili moja la mitindo na violezo vichache. Hapo naona upande wangu umeshinda bila kupiga kura: kazi nyingi ambazo mandhari zilikuwa zikijibebesha zimerudishwa kwenye mfumo, na ukurasa ulioandikwa kwa vipande vya kawaida unahama kutoka mandhari hadi mandhari ukiwa mzima. Lakini ushindi una tobo. Kiolezo ulichokihariri, tuseme kichwa cha tovuti, huhifadhiwa kwa jina la mandhari uliyokuwa nayo. Ukihamia nyingine, kichwa kinabaki kule. Ni haki, kwa kuwa kichwa ni sura. Ila ndani ya kichwa hicho mwenye saluni alikuwa ameandika namba yake ya simu, na namba ya simu si rangi. Kwa kipimo changu ilipaswa kuhama naye. Zipo njia za kuihifadhi mahali pake, na nijuavyo mimi hakuna fundi anayezitumia kwa saluni ya viti vitatu. Ndiyo maana saluni nyingi za mjini zina namba hiyo pia ukutani nje, kwa rangi ya mafuta, herufi kubwa kama mlango, na watu wanapiga.